Barua nne za mwenye nyumba: uchambuzi wa kisa kilicho nyuma ya tamthilia ya matapeli wa ardhi wa Tokyo

Julai 2024 Netflix ilitoa tamthilia ya Kijapani ya sehemu 7 iitwayo Tokyo Swindlers. Ukiitazama unacheka, kisha unajionea aibu kwa kucheka. Wazee wanaitwa mmoja mmoja kwenye usaili, kama wanaoomba kazi ya ulinzi, kumbe wanashindania nafasi ya kujifanya mtu mwingine ili kiwanja cha mtu huyo kiuzwe. Anayechaguliwa anakaririshwa tarehe ya kuzaliwa isiyo yake, majirani asiowajua, duka ambalo hajawahi kuingia. Siku ya kuhojiwa unajikuta unamwombea asisahau. Muda mfupi baadaye mtu anauawa, na muuaji hakupandisha hata sauti.

Watu hawa Wajapani huwaita jimenshi. Jimen ni ardhi, na shi ni neno linaloongezwa kwa bingwa wa kazi, kama sisi tunavyosema fundi. Basi ni mafundi wa ardhi, na ufundi wenyewe ni kuuza ya wenzao. Genge lao hugawana kazi: tehaishi humtafuta mtu wa kujifanya mwenye mali, doguya, yaani mwenye vifaa, huchonga pasipoti, mihuri na vyeti, wengine hukaa na mnunuzi na kuongea lugha ya kisheria, na juu yao yupo anayepanga mchezo mzima.

Tamthilia ilitokana na riwaya, na riwaya ilichota kutoka kwa kisa cha kweli cha mwaka 2017. Hicho ndicho ninachokichambua hapa. Majina ya kampuni, ya mtaa na ya wahusika nimeyaacha, kwa sababu tunachotafuta ni mtiririko wa maamuzi. Kwenye skrini, wajanja ni matapeli. Katika kisa chenyewe matapeli walivurunda mara kadhaa, na kila walipovuruga mambo, mnunuzi mwenyewe ndiye aliyewanyanyua.

Usuli

Katika wilaya ya Shinagawa, hatua chache kutoka stesheni ya treni yenye watu wengi, palikuwa na nyumba ya wageni ya mtindo wa kale. Eneo lake lilikuwa kama mita za mraba 2,000. Kwa mji kama Tokyo, ambako ardhi hukatwa vipande vidogo kama mkate wa kugawana, kipande hicho ni hazina. Nyumba ilikuwa imefungwa. Ukuta ulikuwepo, miti ilijiotea ndani, na kila mfanyabiashara wa majengo aliyepita hapo alipiga hesabu za ghorofa kichwani.

Mwenye nyumba alikuwa mama wa umri wa miaka sabini na kitu. Wanunuzi walimfuata kwa miaka mingi, na kwa miaka mingi aliwakatalia. Jambo hilo lilijulikana sokoni. Mwaka 2017 alikuwa mgonjwa na alilazwa hospitali, kwa hiyo nyumba ilibaki bila mtu.

Kabla ya kuendelea, msomaji anahitaji kujua mambo mawili kuhusu Japani. La kwanza ni muhuri. Mtu mzima huusajili muhuri wake kwenye ofisi ya wilaya, na katika mauziano makubwa hutoa cheti kinachothibitisha kwamba muhuri uliogongwa ni wake. Muhuri na cheti chake vina uzito kuliko saini. Anayeweza kughushi viwili hivyo amekwisha kuvaa nusu ya utu wa mwenye mali.

La pili ni daftari la ardhi. Sheria ya Japani haimlindi mnunuzi kwa sababu tu aliliamini daftari. Ukinunua kwa mtu asiye mwenye mali, hata kwa nia njema kabisa, hupati ardhi. Halafu maombi ya kuhamisha umiliki hupokelewa leo na kukaguliwa kwa siku kadhaa, wakati kwa desturi fedha hulipwa siku ile ile ya kuwasilisha maombi. Kati ya fedha kutoka na jibu kurudi kuna pengo la siku chache. Jimenshi huishi ndani ya pengo hilo.

Mnunuzi hakuwa mgeni mjini. Ilikuwa kampuni miongoni mwa wajenzi wakubwa wa nyumba nchini humo, yenye idara ya sheria, idara ya ardhi na miongo ya uzoefu.

Yaliyotokea, Machi hadi Juni 2017

Mwishoni mwa Machi, afisa mauzo wa kampuni alipata habari kutoka kwa mtu wa kati: kile kiwanja kisichouzwa, sasa kinauzwa. Mpango ulikuwa kwamba kampuni ndogo ya kati inunue kwa mwenye nyumba kwa yen bilioni 6, na papo hapo iiuzie kampuni kubwa kwa bilioni 7. Siku chache kabla ya mkataba, kampuni ya kati ikabadilishwa, ikaingizwa nyingine. Jambo hilo peke yake lingetosha kuwatoa watu usingizini.

Katikati ya Aprili rais wa kampuni alikwenda mwenyewe kukiona kiwanja. Kwa kawaida waraka wa kuomba idhini ya ununuzi mkubwa huzunguka kwa wakurugenzi, kila mmoja akigonga muhuri wake, ndipo unafika juu. Safari hii uliwaruka wanne na kwenda moja kwa moja kwa rais. Mihuri ya hao wanne ilifuata baadaye.

Tarehe 24 Aprili mkataba ulifungwa. Mbele yao aliketi mama mmoja mwenye pasipoti, muhuri na cheti cha muhuri. Vyote vilikuwa vya kughushi, na mama mwenyewe alikuwa mtu wa kutafutwa na tehaishi. Malipo ya awali ya yen bilioni 1.4 yalitoka, na usajili wa muda ukawekwa kwenye daftari kulinda haki ya mnunuzi.

Usajili huo wa muda ndio uliomshtua mwenye nyumba halisi. Kuanzia tarehe 10 Mei, barua zikaanza kufika makao makuu ya kampuni. Hazikuwa barua za kawaida. Zilitumwa kwa utaratibu ambao posta ya Japani hutunza nakala na kuthibitisha yaliyoandikwa ndani pamoja na tarehe, ambao watu huutumia wanapotaka ushahidi wa mahakamani. Ujumbe ulikuwa mmoja: mimi ndiye mwenye nyumba, sijauza, sijasaini mkataba wowote, usajili mliouweka ni batili. Zilifika nne.

Ndani ya kampuni barua hizo zilisomwa kama fitina. Maelezo yaliyokubalika yalikuwa kwamba wapo waliokikosa kiwanja na sasa wanataka kuvuruga dili. Ili kujiridhisha, wakamwendea yule mama waliyekuwa wakifanya naye biashara, wakamwomba asaini karatasi kwamba barua si zake. Akasaini bila tabu. Kwa hakika hakudanganya: barua hazikuwa zake.

Ilipofika zamu ya kuikagua nyumba kwa ndani, mama huyo hakutokea. Ilisemwa anaumwa, na wakili ndiye aliyefungua mlango.

Awali salio lilitakiwa kulipwa mwishoni mwa Julai. Barua zilipozidi, kampuni iliamua kuiwahisha siku ya malipo, ikawa tarehe 1 Juni. Asubuhi hiyo wafanyakazi wa kampuni walifika kwenye kiwanja kuanza kazi, na polisi nao wakafika. Wafanyakazi wakatakiwa kwenda kituoni kutoa maelezo. Habari zikawafikia waliokuwa kwenye malipo. Hata hivyo malipo yaliendelea, na hundi za benki za yen bilioni 4.9 zikakabidhiwa.

Tarehe 9 Juni ofisi ya usajili ilikataa maombi: nyaraka zilikuwa za kughushi. Yule mama na wenzake hawakupatikana tena.

Maamuzi na sababu zake

Ni rahisi kukaa pembeni na kusema walikuwa wajinga. Hawakuwa. Kila uamuzi ulikuwa na sababu ambayo, ukiwa ndani ya chumba kile, ungeiona ina mantiki, na ndiyo maana kisa hiki kinafaa kufundishia.

Kwa nini hawakuchukua picha ya yule mama na kuwaonyesha majirani au watu wanaomfahamu? Hiyo ni njia ya kawaida kwa wauza majengo wa Japani, na haigharimu chochote zaidi ya nauli. Hawakuifanya kwa kuogopa kumuudhi muuzaji. Mtu aliyekataa kuuza kwa miaka mingi sasa amekubali. Ukienda kumchunguza mtaani kwake anaweza kukasirika na kumpa mwingine. Ukifikiri kibiashara hofu hiyo ina maana. Tatizo ni kwamba iliwekwa juu ya mizani dhidi ya yen bilioni 7, na ikashinda.

Kwa nini walizipuuza barua? Kwa sababu soko la ardhi la Tokyo lina fitina za kweli. Wapinzani hutuma barua za kuchafua, na idara ya sheria ilikuwa imeshawahi kuona mambo ya namna hiyo. Walipopata barua walizipeleka kwenye fungu walilolizoea. Hakuna aliyesema: tukiweka kando nani ameziandika, je, yaliyomo yanaweza kuthibitishwa au kukanushwa na mtu wa tatu?

Kwa nini waliharakisha malipo? Uamuzi huu ndio unaoniumiza zaidi kila nikirudia kisa. Walifikiri wakimaliza kuhamisha umiliki, wavurugaji hawatakuwa na cha kuvuruga. Haraka ikageuzwa ngao. Kama wangeiacha tarehe ya Julai ibaki palepale, muda wenyewe ungewafichua matapeli, kwa sababu mchezo wa aina hiyo hauwezi kustahimili wiki nane za ziada.

Na kwa nini waliendelea hata baada ya polisi kutokea? Kwa sababu siku hiyo kulikuwa na watu chumbani, wanasheria, hundi, na dili ambalo rais alilikagua kwa miguu yake. Ndani ya kampuni lilishafahamika kama dili la rais. Afisa wa ngazi ya kati angehitaji moyo wa chuma kusimama na kusema tusubiri.

Matokeo

Kampuni ilikuwa imelipa jumla ya yen bilioni 6.3. Yule mama wa bandia, katika kuigiza kwake, alikubali pia kununua nyumba za ghorofa za kampuni hiyo hiyo, na fedha iliyokatwa kwa ajili hiyo ilipunguza hasara. Iliyopotea kabisa ni takriban yen bilioni 5.55, kama dola milioni 50 kwa viwango vya wakati ule. Kwa lugha ya mtaani, walipigwa.

Mwenye nyumba halisi alifariki hospitalini tarehe 24 Juni 2017, wiki mbili baada ya ofisi ya usajili kukataa maombi. Nyumba yake ilikuwa bado yake. Ikarithiwa na ndugu zake.

Agosti 2 kampuni iliutangazia umma. Ukafuata uchunguzi wa ndani, na Januari 2018 vita vya bodi: mwenyekiti alitaka rais aondoke kwa sababu ya kisa hiki, kura zikageuka, na aliyeondoka akawa mwenyekiti. Kuanzia Oktoba 2018 polisi walikamata zaidi ya watu 10. Mmoja wa viongozi wa genge alikimbilia Ufilipino, akarudishwa Januari 2019, na mwaka 2020 akahukumiwa kifungo cha miaka 11. Fedha nyingi hazikurudi.

Uchambuzi: onyo lilivyogeuka uthibitisho

Anayekaa Dar es Salaam amewahi kuona ukuta ulioandikwa kwa rangi nyekundu, herufi kubwa za kujikokota: NYUMBA HII HAIUZWI. EPUKA MATAPELI. Mara nyingine rangi imechuruzika kabla ya kukauka, na namba ya simu imefutwa nusu na mvua. Mwenye nyumba hana uhakika na wakili wala na ofisi, ana uhakika na ukuta wake. Barua nne za yule mama zilikuwa maandishi hayo hayo, yaliyopigwa kwenye karatasi rasmi na kuthibitishwa na posta. Alifanya kila ambalo mwenye mali anaweza kufanya akiwa kitandani.

Kilichotokea kwa barua hizo ndicho kiini cha kisa. Kampuni ilikuwa imekwisha kuamini kwamba kiwanja ni cha thamani mno kiasi kwamba lazima wapo wanaokitolea macho. Kwa imani hiyo, kila pingamizi linathibitisha thamani. Barua ya kwanza: wivu. Ya pili: wivu unazidi. Polisi: wapinzani wamefika mbali. Hapakuwa na ushahidi ambao ungeweza kuingia katika fikra hiyo na kubaki na sura yake. Ukitaka kujua kama timu yako imefika hapo, waulize swali moja: ni kitu gani kikitokea kesho kitatufanya tusilipe? Kama hakuna anayeweza kukitaja, uhakiki umekwisha, na kinachoendelea ni sherehe.

Walimhoji nani kuhusu barua? Walimhoji mshukiwa. Karatasi aliyosaini yule mama kukana barua iliingia kwenye faili kama kinga, na yawezekana ndiyo iliyowatuliza kuliko zote. Lakini uthibitisho unaotoka kwa mtu anayethibitishwa hauna uzito wowote. Muhuri ulithibitishwa na cheti alicholeta yeye, pasipoti alileta yeye, kukana barua alikana yeye. Faili lilikuwa nene, na chanzo chake kilikuwa kimoja. Nimeona mafaili ya mauziano ya viwanja ya kwetu yenye ugonjwa huo huo: kurasa thelathini, zote zimepita mkononi mwa dalali mmoja.

Uchambuzi: nani angeweza kusema subiri

Kuruka wakurugenzi wanne kulionekana kuokoa siku chache. Kilichoondolewa hasa ni macho ya watu wanne ambao hawakuwa wamekipenda kiwanja. Afisa mauzo alikipenda kwa sababu ni ushindi wake. Rais alikiona akakipenda. Mkurugenzi ambaye hajakiona, aliyechoka, mwenye mafaili mengine mezani, ndiye anayeuliza kwa nini kampuni ya kati imebadilishwa wiki hii. Uchovu wake ni mali. Mihuri ya baada ya tukio haiulizi chochote.

Na mkubwa akishatembelea eneo kabla ya uhakiki kumalizika, uhakiki hubadilika tabia. Waliobaki hawachunguzi tena kama kitu ni kweli. Wanatafuta namna ya kukikamilisha. Simlaumu rais kwa kwenda kuona kiwanja. Namlaumu yeyote aliyeacha ratiba iwe hivyo.

Kilichofanya kazi

Ofisi ya usajili ilifanya kazi yake. Ilikagua nyaraka, ikagundua zimeghushiwa, ikakataa, na ardhi haikumtoka mwenyewe. Mfumo wa Japani ulimlinda mwenye mali na kumwacha mnunuzi na hasara, na mimi naona hiyo ndiyo haki: mnunuzi alikuwa na uwezo wa kuuliza, mgonjwa hospitalini hakuwa nao.

Barua nazo zilifanya kazi, kwa maana kwamba zilifika, kwa wakati, zikiwa na maneno yaliyo wazi. Polisi walifika kabla jioni haijaingia. Vizuizi vitatu vilisimama barabarani, na gari likavipita vyote.

Pale ambapo tamthilia inasema kweli

Tamthilia imebadilisha mengi. Kiwanja kikuu kimekuwa eneo la hekalu, mwenye mali ni mtawa wa kike, thamani imepandishwa kupita yen bilioni 10, na damu imeongezwa kwa wingi. Katika kisa cha 2017 silaha ilikuwa karatasi.

Lakini jambo moja imelishika barabara, na ndilo linalofanya kicheko chake kiume. Inatumia muda mrefu kwa wanunuzi. Tunamwona mtu wa kampuni ambaye dili lake la awali limekufa, anayehitaji kiwanja kabla ya kikao, anayemfokea kila anayemuuliza swali. Matapeli hawamsukumi. Wanamwachia mlango wazi na kumtazama akikimbia. Ukishajua kisa halisi, zile sehemu za kuchekesha za usaili wa wazee zinakuwa za pembeni, na mtu wa kutisha kuliko wote ni huyo mwajiriwa mwenye suti, mwenye tarehe ya mwisho.

Mwigizaji bora hakuhitajika, na genge la 2017 halikuwa naye. Yule mama waliyemtafuta alikaririshwa maisha ya mwenzake, kisha yakamponyoka mahali ambapo Mjapani wa rika lake hawezi kuponyokwa. Wajapani huhesabu miaka kwa mzunguko wa wanyama 12, panya, ng'ombe, chui milia na wengine, na mtu hukua akijua mnyama wa mwaka aliozaliwa kama anavyojua jina la mama yake. Kwa sababu hiyo wanaohakiki wauzaji hupenda kuuliza swali hilo ghafla. Kwa mujibu wa maelezo yaliyojitokeza baadaye, aliulizwa mnyama wake, akamtaja asiye wake.

Kikao kiliendelea.